Fundo la Siwema

Siku ya fainali ya kanda walipokuita mbele
walisema Siwena.
Hata cheti kiliandikwa hivyo, kwa wino wa dhahabu.
Ulikipokea kwa mikono miwili, ukashukuru,
na jioni nikakikuta stoo, chini ya mfuko wa chokaa,
kikizuia unyevu.

Bi Siwema Mbonde wa Mtoni Mtongani,
mfumaji wa zamu ya usiku kiwanda cha nguo,
walipopunguza watu ulitoka getini
na vidole tu,
vidole vinavyounga uzi uliokatika
bila kuuliza nani kaukata.

Fimbo zilikuwa nane, stoo ya shule ya msingi,
mwalimu mgeni kamaliza mkataba, kaziacha.
Mkuu wa shule alidhani ni za kuangulia maembe.
Nyavu zake panya walishazila.
Ulizibeba begani kama kuni,
ukakesha nazo.

Lakrosi. Mtaani walituita wavua vipepeo.
Mpira haushikwi kwa mkono, wala si wa mateke:
unaubeba kwenye kikapu cha uzi, unakimbia
ukiubembeleza kama mtoto anayekataa kulala.
Ndivyo ulivyotufundisha, kijitabu mkononi,
kijitabu kilichokosa ukurasa wa tisa hadi wa kumi na mbili.
Sheria za humo tulizitunga wenyewe,
na mpaka leo Kibaha wanazichezea
na Morogoro wanazibishia.

Jioni uwanja ulikuwa wa kandanda,
sisi tukawa watu wa saa kumi na mbili asubuhi:
umande, mbuzi wa Mama Chiku,
nawe umeinama na kopo, unachora mistari,
chokaa nusu, jivu nusu.
Golikipa alivaa godoro. Sitanii,
godoro lililokatwa vipande, kamba za viroba mgongoni,
na likilowa mvua alisimama golini
kama mtu aliyebeba mtu.
Magoli yalichomelewa Gerezani kwa mkopo
ulioulipa kwa vitumbua.

Ninalo daftari lako hapa. Mwandiko wa kulalia kushoto.
*Nauli Moro, watoto kumi na wanne. Deni: mimi.*
*Uzi wa nailoni, Kariakoo, roli tatu. Deni: mimi.*
*Plasta. Panadoli. Soda ya refa (kakasirika). Deni: mimi.*
Nimepekua mpaka jalada la nyuma
nikitafuta mahali palipoandikwa *imelipwa*.

Rukaiya, binti yako, alikuuliza mbele yangu:
"Mama, hao watoto wa watu ndio watakuzika?"
Hukumjibu. Ulivuta uzi kwa meno, ukakaza.
Sikujua nitazame wapi, nikatazama ndoo.

Mimi nami niliondoka, miaka mitatu, bila kuaga.
Niliporudi fimbo yangu ilikuwa msumarini pake,
kikapu kipya, uzi wa buluu.
Ulisema tu, "Umenenepa. Nenda langoni."

Wazazi walikuita Siwema,
labda kwa uchungu wa mwaka ule, hukutusimulia.
Wengine fundo huliweka moyoni.
Wewe ya kwako yote umeyafunga kwenye fimbo,
nami nimeyahesabu siku moja tukisubiri mvua ikate:
kikapu kimoja, mafundo arobaini na sita.
Timu kumi na moja sasa, mikoa mitatu.
Zidisha mwenyewe, mimi nilishindwa.

Sasa mtoto wa jicho amekufunga la kulia,
uzi nafunga mimi, wewe umekaa juu ya ndoo.
Namaliza, nakupa.
Unadondoshea mpira ndani, sikio karibu,
kama asikilizaye nazi kabla ya kununua.

"Umelegea," unasema.
"Fumua."
Nafumua.