Te Yenye Sukuni

Ubaoni niliandika cat, bat, hat, mat,
kwa kipande cha mwisho cha chaki ya skuli ya Limbani,
nikawaambia: tazameni mkiani, yote yana t.
Watu wazima kumi na mmoja, taa moja ya betri,
na Bi Mize Shaame mbele kabisa,
unga wa mofa haujamtoka kuchani tangu alasiri.

"Soma."
Akasoma: kati. Bati. Hati.
Darasa likacheka. Paka keshakuwa katikati,
popo kageuka paa la nyumba,
na kofia imepigwa muhuri wa serikali.
Alipoufikia mkeka akanyamaza.
"Hii mati," akasema, "haina pa kwenda."

Sikumlaumu. Neno letu huondoka mlango wazi;
ukishalisema, mdomo hubaki ukingoja.
Hili la wenzetu hufungwa kwa ncha ya ulimi
nyuma ya meno, likakatwa hapo hapo,
pasi na irabu ya kulisindikiza.

Siku ya pili alikuja na ubeti
nyuma ya risiti ya unga:

    Paka wangu yuko kati, popo yu juu ya bati,
    Kofia sasa ni hati, mwalimu kasema keti,
    Ulimi haufuati, haizimiki sauti,
    Lao hutiwa komeo, letu huachwa li wazi.

Nikampa mia kwa mia ya vina
na sifuri ya Kiingereza.

Wiki tatu hivyo. Niseme kweli, nilishakata tamaa.
Nilidhani ulimi wa miaka hamsini na minane
ni ubao uliovimba kwa masika,
haurudi tena kwenye fremu yake.
Mpaka usiku mmoja nikapita nyuma ya dawati lake,
nikaona daftari: juu ya kila t
kaweka kiduara kidogo cha wino.

"Nini hiki, Bi Mize?"
"Sukuni, mwalimu. Chuoni kwa Maalim Kombo
tulichapwa kwa ajili yake.
Te ikiwa na sukuni haiendi popote.
Si ungesema mapema?"

Akasoma. Cat. Bat. Hat. Mat.
Zikafunga, moja moja, kama vifuniko vya mikebe.

Hapo ndipo alipotoa kibindoni
karatasi ya babu yake, ya taipu, mikunjo imekatika:
shamba la Kangagani, mikarafuu thelathini na miwili.
Nduguye Masoud keshaleta mnunuzi mara mbili.
Keshamwambia: karatasi inaruhusu, nimesomewa mjini.

Hakuniomba nimsomee.
Kidole chake kilipita juu ya maneno marefu
kama mtu apitaye penye matanga, taratibu,
akiyaacha, akiyaacha, akitafuta mkia anaoujua.
"Hili fupi," akasema. Akachukua penseli,
akaweka kiduara juu ya te ya babu yake.
"Not."

Nikamweleza: ni ile *si* yetu, ile *ha*
tunayoigandisha kwenye kichwa cha kitendo.
Wao huiacha ikae peke yake, herufi tatu tu.
"Na kitendo chenyewe?"
"Kuuza."
Akaikunja karatasi. Akaniuliza kama kesho kuna darasa.

Jumamosi, barazani kwa sheha, Masoud alivaa miwani.
Akaisoma kwa sauti, haraka, kama mtu anayevuka barabara,
na alipofika pale penye penseli
akasema, "Noti."
Sheha alikohoa.
Mie nilitazama viatu vyangu.

Bi Mize hakucheka.
"Umeongeza i, ndugu yangu," akamwambia.
"Hapo ndipo pesa zilipoingilia."