Jua la Saa Nne na Nusu

Jua hufika kwetu saa nne na nusu,
likipenya kati ya jengo la Kirubi
na lile jipya lisilopakwa rangi bado.
Hukaa barazani muda wa kuchemsha chai mara mbili,
kisha huyoo, limehamia kwa jirani.

Huku Pipeline siku yangu naipanga hivyo.
Ndoo tatu za rangi, zilizotobolewa vitako kwa msumari wa moto,
gunia moja la mchele,
na beseni lililopasuka:
mna sukuma, mna managu,
mna saga, mbegu za Nyaboke wa chumba cha kumi na tisa,
alizonifungulia kutoka ncha ya leso
akisema, "Usizimwagilie kama mtu anayeosha gari."

Udongo niliutoa kando ya reli,
mifuko miwili, ngazi sabini na nane.
Mutinda, mwangalizi wa ploti, akanisimamisha:
"Unazika nani huko juu?"
Nikamwambia, subiri mwezi mmoja, uje na unga.

Vidukari walitangulia kabla ya Mutinda.
Nikawapaka majivu ya jiko,
nikawatukana kwa lugha ya mama yangu,
nusu wakaondoka.

Mfereji hulia Jumanne usiku, ukipenda.
Kwa hiyo maji ya kuoshea mchele hayamwagwi hapa.
Hata ya kunawia wageni nayatazama kwa jicho la tamaa,
mradi hawakugusa sabuni.

Nilipopanda, jengo jipya lilikuwa ghorofa ya nne.
Sasa ni ya saba.
Kila wiki mafundi wanameza dakika tano zangu;
nazihesabu.
Managu nayo yanahesabu:
yamepinda shingo upande mmoja
kama watu wanaosikiliza ugomvi wa chumba cha pili.

Jana fundi mmoja, juu ya jukwaa la miti,
karibu nami kiasi cha kuazimana chumvi,
akaniuliza, "Mama, hayo ni managu kweli?"
Nikataka kumwambia alichonifanyia.
Nikachuma.
Akaninyooshea beleshi lenye simiti iliyokauka,
nikaweka konzi mbili, na saga kidogo juu.
"Jumatatu tunamwaga ya nane," akasema,
kama anayenipa habari njema.

Saa tano kasorobo.
Kivuli kikagusa ukingo wa gunia.
Nikainama, nikasogeza ndoo
hatua moja, kushoto.