Anua

Chuo kimefungwa. Nimerudi Mchangamdogo
na begi la vitabu nisilolifungua zipu.
Mtandao unashika juu ya tangi la maji la Shaame tu,
kwa hivyo mie, Zumra binti Kombo, mwaka wa tatu,
nasomea biokemia kwenye mfuniko wa tangi.

Sentensi moja nimeisoma mara kumi na moja.
Haingii. Si ngumu.
Ni mie niliyejaa, au niliyekwisha;
sijui tofauti.

Mhadhiri anauliza: "Zumra, upo?"
Naandika: "Nipo."
Uongo wa herufi nne.

Usiku nahesabu madeni:
mitihani miwili, ripoti, bando,
na ile sauti: wenzako wanaweza, we una nini?
Naisukuma. Inarudi na wenziwe.

Leo mama kaanika karafuu uwanjani.
Wingu likaja bila hodi.
"Anua!"
Tukakimbia, barakoa zikining'inia sikio moja,
tukakunja majamvi, tukaingiza ndani.
Jua. Tukaanika.
Mvua. Tukaanua.
Mara ya tano nikapiga kelele:
"Sasa hapa tunafanya nini?"
Mama akajifuta uso kwa upindo wa kanga.
"Tunakausha karafuu."

Hakuna aliyeigombeza karafuu
kwa kutokauka Jumatatu.

Jioni ile sauti ikaja tena.
Nikaitandikia jamvi, ikae pembeni,
iseme inavyosema.
Nikasoma nusu ukurasa.
Nusu ya pili nikaianua.

"Zumra, upo?"
"Kidogo," nikaandika.
Kimya. Kisha Hidaya, yule wa Makunduchi asiyesemaga:
"Hata mie."