Unyaufu

Mimi ni karani wa mizani. Huu ni msimu wangu wa kumi na tisa.
Siku hizi mizani ina namba nyekundu,
lakini macho yangu bado hutafuta sindano.
Gunia linapanda. Nasubiri litulie. Naandika.
Sijampunja mtu kwa kusudi.
Hata hivyo korosho hupungua.

Zinaingia Oktoba na maji yake ndani,
zinalala ghalani, karibu na bandari,
Desemba ukizirudia, kilo hazipo.
Mlinzi hakuiba. Panya wa watu wamesingiziwa.
Sisi huita unyaufu,
na kila mwaka kikao huvunjika kwa swali lile lile:
unyaufu huu akatwe nani?

Binti yangu Somoe naye ni mpimaji.
Hana ndoana, hana ratili, hana gunia.
Anapima barafu ya Grinlandi
akiwa kwenye kiti cha plastiki, barazani kwetu Mikindani,
kompyuta mapajani, miguu ndani ya beseni la maji
kwa sababu ya joto.

Nikamuuliza: kitu usichoweza kukiinua
unakipimaje?

Akatoa korosho mbili kwenye kikaango,
akaziburuza mezani, moja mbele, moja nyuma.
"Hivi ni vyombo viwili, Baba, vinaizunguka dunia.
Cha mbele kikikaribia barafu nzito, kinavutwa,
kinakiacha cha nyuma kidogo.
Kidogo sana; unywele ni mnene mbele yake.
Uwazi huo ndio sindano yetu.
Na kila tukirudi tunaukuta umepungua."

Nikaelewa upesi kuliko alivyotarajia.
"Kumbe imenyauka," nikasema.
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Imenyauka. Tani mabilioni."

Tani mimi nazijua. Lori moja, thelathini.
Nikaanza kuyapanga malori kichwani, pua kwa mkia,
Mingoyo, Nangurukuru, Somanga, nikavuka Rufiji,
nikachoka njiani. Foleni haikuonyesha mwisho.

"Unyaufu wa korosho huenda hewani," nikasema.
"Wa barafu je?"

Nilidhani atanyoosha kidole kaskazini.
Alionyesha ukuta wa Bi Asumini Likwata,
ng'ambo ya njia, plasta imebabuka,
mstari wa chumvi umepita kizingiti.

"Barafu kubwa ina mvuto," akasema,
"huivuta bahari, huikusanya kando yake
kama tajiri anavyokusanya jamaa.
Ikipungua, mkono unalegea.
Maji ya jirani yake yanashuka.
Ya huku kwetu yanapanda."

"Mzigo unapungua kwao,
na kina kinapungua kwao hukohuko?"

"Ndiyo, Baba."

Korosho mbili zilikuwa bado mezani.
Nilikula ya mbele. Sijui kwa nini.

Usiku wa bamvua nilitoka na tochi
na penseli ya ghalani, ile nene, ya bluu.
Maji yalikuja bila kelele, kama mdeni anayejua mlango.
Yalipotulia (lazima yatulie, ndiyo kazi yangu)
nikapiga mstari ukutani, nikaandika tarehe, saa,
nikatia sahihi kama ninavyosaini stakabadhi.

Bi Asumini alikuwa macho, juu ya kitanda,
kapandisha mkeka, kapandisha unga, kapandisha kuku.
"Karani," akaniita kupitia dirishani,
"umeandika nani kauleta mzigo huu?
Mimi sikuagiza."

Nikaiinua tena penseli.
Safu ya aliyepokea nilikuwa nimeijaza.
Ile nyingine
ilikuwa chini zaidi, na maji yalishaifunika.