Leukos

Moshi, saa tisa usiku, chumba cha darubini.
Nahesabu kwa kidole gumba: tiki, tiki, tiki,
kwa kimashine cha chuma alichoniachia Mzee Kiwelu alipostaafu.
Wanaziita chembe nyeupe.
Ukishazitia dawa ya rangi, zote ni za zambarau,
kama ulimi wa mtoto aliyetoka mtini.

Chuoni walituambia: leukos, Kigiriki, nyeupe.
Tukalikariri na mikia yake,
lukosaiti, lukopenia, lukemia.
Nilitaka kuuliza kama Wagiriki walilitumia
kwa maziwa pia, kwa meno, kwa mchana.
Sikuuliza. Mtihani ulikuwa Jumatatu.

Leo jina kwenye kichupa ni Ndelilio,
miaka sita, Kibosho.
Hizi ni askari wa mwili, vitabu husema.
Hawa wamekuja wengi mno, wachanga,
gwaride hawalijui,
wamejaa njiani hata mbeba hewa hapati pa kupita.

Baba yake yuko kwenye benchi, koti la mvua magotini.
"Ni nyingi au chache?"
Nikamwambia daktari atafika asubuhi.
Akanyamaza, kisha akasema mwaka huu
mibuni yake imechanua yote siku moja,
kihamba cheupe, majani huyaoni.
"Nikafurahi mimi.
Mama Ndelilio akaniambia, ngoja kwanza punje."

Kulipokucha Kibo ilijitoa mawinguni.
Sikuitazama.
Nilikuwa nimebakiza chembe arobaini.