Daftari la Uchungu

Saa kumi na mbili unusu, kabla ua halijafumbuka,
nalifungua kwa kikoleo cha nyusi nilichokinunua Nyawera.
Natoa vifuko vya chavua, kimoja kimoja.
Hili nimeliamulia kuwa mama.
Nalifunga uzi mwekundu, navisha karatasi.

Mama ni nyanya chungu kwa jina tu:
nyeupe, kubwa kama yai la bata, tamu,
soko la Kadutu humgombania.
Lakini mvua ya Machi ikizidi
jioni umemwacha amesimama, asubuhi amelala.

Baba nilimng'oa ukingoni mwa korongo, Cimpunda,
pale nyumba tatu zilipoporomoka.
Miiba hadi juu ya jani. Tunda kama gololi.
Hafi.

Watoto wa kwanza walitoka sare:
shina zambarau, miiba, uchungu.
Murhula, anayenichotea maji, akacheka:
"Mama yao hakuacha hata ukucha."
Nikamwambia, ngoja wajukuu.

Wajukuu wakaja, mia mbili na nne.
Kitabu kinasema watatu kwa mmoja.
Nilihesabu mashina mara mbili, miguu matopeni:
zambarau mia na arobaini na saba,
kijani hamsini na saba.
Karibu. Mteremko wetu haugawi kwa rula.

Uchungu ndio hauna rula kabisa.
Nakata, natafuna, natema, nasukutua,
naandika: sifuri hadi tano.

Mmea wa themanini na nane
ulinitoa machozi. Tano, nikaandika,
kalamu ikatoboa karatasi.
Murhula akachukua nusu iliyobaki,
akaitafuna yote, akameza.
"Sifuri," akasema. "Kama maji."

Tunda moja. Kisu kimoja.

Nikakumbuka sufuria ya mama yangu, M'Nshobole:
kaka yangu akilamba sahani,
mimi nikipigwa kwa kutema.
Miaka thelathini nyumbani nimeitwa mwenye maringo.
Kumbe ndimi nazo zina wajukuu wake.

Nimechora safu mpya daftarini: nani ameonja.
Safu zote za nyuma nimezitilia alama ya kuuliza.

Machi imepita. Themanini na nane bado amesimama,
mweupe, bila mwiba, maji yamemfika kiunoni.
Mbegu zake zinakauka juu ya gunia, mbali na kuku.

Mama amebakiwa na meno manne.
Jumapili nitapanda kwake na tunda moja, bichi,
na kalamu.