Doa

Tangu alfajiri Bibi Zulmira anamenya lozi zilizolowekwa,
maganda ya kahawia yamemganda hadi viwikoni.
Mimi natwanga. Sukari iko motoni,
anaipima kwa ncha ya kijiko:
uzi ukikatika, bado.

Kisha donge, mikono minne.
Anafinya tini, anapachika karafuu iwe kikonyo,
anaviringisha plamu, anaipaka zambarau
kwa brashi iliyobakiwa na nywele tisa.

Peasi zangu ni laini, za kijani, hazina kosa.
"Za dukani hizo," anasema, wala hajainua macho.
Anachovya kidole kwenye kahawa yake iliyopoa,
anaibonyeza moja ubavuni.
Halafu, kwa sindano, tundu la funza.

Mti wenyewe ulikuwa hapa Loulé,
nyuma ya kisima cha baba yake.
Siku hizi pale wanacheza gofu.

Jioni wageni wanachagua, wanasifu, wanalamba vidole.
Yenye funza hakuna aliyeigusa.

Usiku nasikia mlango wa jikoni,
miguu mitupu sakafuni,
kiti kikivutwa.
Anaila polepole, gizani,
ameanzia kwenye doa.